Mwizi wa Aya ya Nne

Mhariri wetu alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuvumilia kuona neno lilelile mara mbili katika habari moja. Ukiandika "nyumba" katika aya ya kwanza, ya pili anaigeuza "makazi", ya tatu "maskani", na habari ikiwa ndefu utasoma kwamba moto umeteketeza "kasri" la mjane lenye vyumba viwili na bati linalovuja. Huo aliuita ufundi. Sisi tulimwita Kisawe, yeye asiposikia. Akisikia tulimvika kilemba cha ukoka, maana kila mtu ana tumbo.

"Lugha ni nguo," alipenda kusema, amesimama nyuma ya kiti changu nikipanga kurasa. "Mtu wa heshima harudii nguo."

Shati alilokuwa amevaa tulilifahamu tangu Jumatatu.

Tungeendelea kumcheka tu, asingemgusa shemeji yangu. Shemeji, mume wa dada yangu, ni fundi wa kufuli. Ana kibanda karibu na soko, ana mashine ya kuchonga funguo, na watu walimwachia funguo za nyumba zao wakaenda zao kununua mboga. Sasa duka moja la simu likaibiwa, na kufuli halikuvunjwa. Kwa kuwa shemeji ndiye aliyelipachika lile kufuli mlangoni, polisi walimwita, wakamuuliza maswali, wakamruhusu aende. Usiku uleule simu zilikutwa kwa muuzaji wa duka lenyewe, akakamatwa. Basi.

Mwandishi wetu aliandika habari ile siku shemeji alipohojiwa, na akaandika "fundi huyo" kila mahali. Nakala yake niliiona baadaye kwa macho yangu. Kisawe akaiacha "fundi" ya kwanza, kisha akashika kalamu. Aya ya pili fundi akawa mshukiwa. Ya tatu akawa mshtakiwa, mtu ambaye hajui hata mlango wa mahakama unafunguka upande gani. Na aya ya nne ilisema hivi: "Baada ya mahojiano, mwizi huyo aliruhusiwa kurudi nyumbani kwa familia yake." Mtu mzima, mwenye shahada ukutani, aliisoma sentensi hiyo akaona iko sawa. Mimi siku hiyo nilikuwa mapumzikoni. Gazeti nililiona mkononi mwa dada, asubuhi, mlangoni kwangu.

"Mdogo wangu," akasema, "mama mmoja amekuja kuchukua funguo zake kabla hazijachongwa. Amezihesabu mbele ya mume wangu. Mteja wa miaka yote. Nani atamwachia mwizi ufunguo?"

Nilimchukua tukaenda ofisini. Kisawe alitukaribisha vizuri, akamvutia dada kiti.

"Mama, usichukulie vibaya," akasema. "Mume wako ameitwa mwizi mara moja tu. Kwingine kote nimemwita vizuri."

"Mara ngapi ndizo zingetosha?"

"Maneno haya ni ndugu. Moja likichoka, lingine linapokea."

Dada alinigeukia, akamrudia. "Mimi na huyu ni ndugu, mabinti wa baba mmoja, mama mmoja. Lakini mume wangu akirudi nyumbani anajua mke wake ni yupi."

Nilicheka. Kisawe hakucheka, lakini aliahidi kuandika masahihisho. Dada alimwomba sentensi moja tu: fundi huyu hakuiba, aliyeiba amekamatwa. Aliisema polepole, mara mbili, na niliona Kisawe akikunja uso kila dada aliporudia neno.

Masahihisho yaliponifikia nilidhani ni mzaha. "Gazeti hili lingependa kufafanua kwamba fundi huyo si mwizi. Hajawahi kuwa kibaka, hahusiki na ujambazi wowote unaojulikana, na hadi sasa hakuna ushahidi kuwa ni mnyang'anyi. Wasomaji wapuuze pia uvumi kwamba ni tapeli." Uvumi wa utapeli haukuwapo popote duniani. Ulizaliwa pale pale mezani kwake, kwa sababu maneno mengine yalikuwa yamekwisha.

Nilikata yote nikaacha sentensi ya kwanza, nikaongeza kwamba mwizi ni muuzaji wa duka. Kisawe akapita, akaona, akanisimamisha.

"Umeua mdundo," akasema. "Halafu hilo neno 'mwizi' umeliweka mara mbili."

"Bosi, huyu ni shemeji yangu. Ana watoto wanaokula kwa hizo funguo."

"Ndiyo maana nimemwandikia kwa moyo. Rudisha."

Sikurudisha. Akayarudisha maneno yake mwenyewe, akakaa kwenye kiti changu hadi ukurasa ulipoenda mtamboni. Ile sentensi ya muuzaji aliitupa, eti imekosa nafasi.

Waliokuwa hawajasikia habari ya wizi sasa wakasikia na ya ujambazi. Lisemwalo lipo, wakasema sokoni, na kama halipo laja. Hakuna aliyemtukana shemeji. Walimsalimia, wakamuuliza hali ya watoto, wakapita na funguo zao mfukoni hadi kwa fundi wa mtaa wa pili. Mwisho wa mwezi alifunga kibanda, akaanza kubeba mizigo ghalani, yeye mwenye vidole vya kusikia pini ndani ya kufuli. Dada aliacha kulizungumzia. Mimi niliumia, na hadi leo sijaacha kumdharau yule mtu.

Juzi Kisawe alipoteza funguo za nyumbani kwake. Alikuja mezani kwangu, mpole kabisa.

"Nitafutie fundi wa kubadilisha kufuli, lakini mtu ninayeweza kumwamini."

Nikaona labda Mungu amempa nafasi ya kutengeneza alichoharibu. "Shemeji yangu atakuja leo leo," nikamwambia. "Vifaa vyake bado anavyo."

Akatazama huku na huku, akainamisha kichwa, akashusha sauti.

"Huyo hapana, dada. Nina familia mimi. Siwezi kumwonyesha mlango wangu mtu ambaye ameandikwa gazetini."

Nilisubiri acheke. Hakucheka.