Stelingi ya Mzee Naftaly

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, nakiri mapema msije mkanisumbua. Mzee Naftaly wa Ziwani alikuwa na kigari chekundu cha mbio, cha zamani, na mwaka wa themanini na mbili mimi fundi wake nilikifungia pampu ya kulainisha stelingi, yaani usukani. Baada ya muda akaja gereji kwangu na mkewe, Mama Wangeci, akalalamika kwamba stelingi imekuwa nzito tena. Badala ya kufungua boneti, nilifungua mdomo.

"Mzee, stelingi ni nzima. Mikono ndiyo imezeeka. Uza gari, ununue bakora!" Nikacheka hadi nikashika tumbo.

Miezi miwili Mzee hakukigusa kigari chake. Kisha Mama Wangeci akaniambia mnunuzi wa kigari anakuja Jumamosi. Nilikimbia kwao na spana. Nilipobonyeza mkanda wa pampu kwa kidole, ulilegea kama kamba ya kuanikia nguo. Kishikizo cha pampu kilikuwa kimepinda, nacho nilikitengeneza mwenyewe kwa chuma cha kitanda kikuukuu. Nilitamani ardhi inimeze.

Nilienda kuchomelea kingine cha chuma kinene, nikarudi, nikakifunga na kukaza mkanda. Stelingi ikazunguka kwa kidole kimoja. Mzee alitazama kutoka dirishani, asitoke.

"Mama, mwambie aje ajaribu," nikamwambia Mama Wangeci aliyesimama kando ya gari.

"Mwambie mwenyewe. Anasema mikono imezeeka."

"Lakini mama, ule ulikuwa utani tu!"

"Tulikuwa watatu pale gereji, fundi. Aliyecheka ni wewe peke yako."