Farasi wa Mwisho

Papa Anselme hakuwa mtu wa kusifu, jamani. Tangu enzi zake za kazi ya reli alishika lake moja: mtoto akisifiwa anaharibika. Dorcelle, kitinda mimba wake, alipata diploma, akaolewa, akazaa mapacha, na "vizuri" hata moja hakuisikia kwake. Alipojifunza kupanda farasi, mzee aliguna tu: "Farasi? Ile iko mambo ya Babeleji, bazungu ya zamani."

Lakini leo alikuja kwenye mbio za klabu ya farasi. Ameketi mstari wa mbele, koti la Misa limefungwa mpaka shingoni kwa baridi ya Julai. Leo atanisifu, Dorcelle alijiambia, leo au basi tena.

Ganzorig, Mmongolia anayefanya kazi migodini, aliwavika wanaklabu kanzu ndefu na mikanda ya hariri, waigize wajumbe wa kale wa nchi yake wakikimbiza habari za mfalme. Dorcelle alipangiwa farasi mdogo kuliko wote.

Wakatimka. Lo! Wenzake walipotelea kwenye vumbi, farasi wake akasimama kandokando ya uzio kula majani. Akambembeleza kwa Kifaransa, akamgombeza kwa Kiswahili, wapi! Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Alifika peke yake, kofia upande, machozi yanamlengalenga, na hakuthubutu kumtazama baba yake.

Ganzorig akanyoosha mikono watu wanyamaze.

"Kwetu farasi mudogo akifika wa mwisho, njo tunamuimbia sifa," alisema. "Kosa haiko yake. Mwaka kesho atashinda. Lakini miye sina sauti. Nani ataimba?"

Papa Anselme akasimama.

"Ile hata siye Baluba tunaijua," alisema, na akaanza kwa Kiluba, kasala yenyewe, utenzi wa sifa wa kumwita mtu kwa majina ya wazee wake. Alianza na farasi, akausifu ukaidi wake na tumbo lake, watu wakapiga vigelegele. Halafu akamgeukia mpandaji. Akamwita kwa jina la bibi yake, kwa jina la mama wa bibi, wanawake waliotoka kaskazini kwa miguu na watoto mgongoni. Akamwita mwana anayechekwa na hashuki.

Dorcelle alilia waziwazi, kwa furaha, mbele za watu wote. Mzee alikuwa ameshakaa, anajifuta jasho.

"Papa," alimwita kutoka juu ya farasi. "Rudilia."

Mzee akakohoa, akasimama tena, akaanza upya kwa jina la bibi.