Mlima Uliopiga Hodi

Mama Povu alikuwa ameinama juu ya beseni, akiusugua ukosi wa shati la hakimu kwa kipande cha sabuni ya mche, aliposikia hodi langoni. Akajibu karibu bila kuinua kichwa, maana dobi akisimama kwa kila hodi nguo hazitakati. Mlima ukaingia.

Uliingia ubavuubavu kwa sababu lango lilikuwa jembamba. Ukapita chini ya kamba ya nguo bila kuangusha hata kibanio kimoja, ukaketi karibu na banda la kuku. Ulikuwa umejikunja kiasi cha kuweza kuenea uani, ila theluji ya kileleni ilikuwa pale pale. Kuku walisogea kidogo, wakaendelea kuchakura.

"Pole na safari," Mama Povu alisema.

"Si mbali," mlima ukajibu. "Ni magoti tu, hayana mazoea."

Akaumiminia kikombe cha maji, ya mwisho mtungini. Tangu mvua zilipokatika, Mkuu wa Mji alikuwa ameizungushia chemchemi ya mlimani uzio wa waya, maji yote akayaelekeza kwenye hoteli yake, na mtaa mzima ukabaki kulamba midomo. Mama Povu alikuwa akifulia maji aliyokwisha kusuuzia. Nguo zilianza kunuka uvundo, na dobi ambaye nguo zake zinanuka ajiandae kulala njaa.

Habari za mlima huo kila aliyezaliwa pale anazijua, kwa kuwa husimuliwa kwenye mawe ya kufulia. Zamani palikuwa tambarare kama kiganja. Akapita bibi kizee mwenye kiu, akapiga hodi nyumba hadi nyumba, na kila nyumba ikamwambia maji hakuna, ilhali mitungi imejaa nyuma ya mlango. Dobi mmoja tu ndiye aliyempa, tena maji ya kusuuzia, yenye povu, kwani hayo ndiyo aliyokuwa nayo. Bibi akanywa, akajifuta mdomo, akasema anaketi apumzike kidogo. Hakuinuka tena. Akanenepa, akarefuka, miti ikamwota mabegani, na chini ya goti lake ikatoka chemchemi. Aliacha agizo moja, kwamba hapo asinyimwe mtu. Mpaka leo maji yake hutoka na povu kidogo, na wageni hudhani ni uchafu.

Mkuu wa Mji alikuwa na habari zake mwenyewe. Aliziandika kwenye kibao kikubwa: mlima uligunduliwa na babu yake, akaupiga fimbo, maji yakatoka.

"Uzio ningeuvumilia," mlima ulimwambia Mama Povu. "Hata mbuzi huzungushiwa uzio. Lakini ati nilipigwa fimbo na babu yake? Babu yake nilimwona akibebwa mgongoni, kamasi zinamtoka."

Kisha ukanyoosha mguu, na maji yakaanza kutiririka kando ya banda la kuku. Mama Povu akalisuuza kwanza shati la hakimu, kwa sababu kazi ni kazi, ndipo akawaita wenzake. Mchana uani hapakuwa na pa kukanyaga.

"Wahenga walisema milima haikutani," alisema jirani yake, muuza mkaa, huku akijaza ndoo.

"Haikutani na milima," Mama Povu akasema. "Kuhusu madobi hawakusema kitu."

Mkuu wa Mji alifika na watu wake. Hakuuliza mlima umetembeaje. Aliuliza kwa idhini ya nani, kisha akaamuru urudishwe.

"Mgeni wangu hafukuzwi na mtu asiyemkaribisha," Mama Povu alimjibu.

Basi wakazungushia waya ua wake, yeye na mlima na kuku ndani, wakatia kufuli. Langoni wakabandika amri: maji yasitoke, chombo cha maji kisipite. Kilichoruhusiwa kuingia na kutoka ni mashuka ya hoteli, kwa kuwa hapakuwa na dobi mwingine wa kuyafanya meupe vile. Askari aliyewekwa kulinda alikuwa mtoto wa dada yake.

"Mama mdogo, nisamehe. Ni kazi."

"Ifanye. Na hiyo suruali ilete, magoti yamekuwa meusi."

Wanawake walikuja na ndoo zao wakasimama nje. Matundu ya waya yalikuwa madogo, hata kikombe hakipiti. Mama Povu aliwatazama, na nyuma yake maji yanamwagika bure mferejini. Akalia kwa hasira, na wala hakuona haya. Kisha akachukua shuka la hoteli, akalichovya mpaka likalewa maji, akalitupia juu ya uzio, nusu ndani, nusu nje. Dobi hukamua ndipo akaanika. Yeye hakukamua.

Muuza mkaa alilitazama shuka lile. Akaweka ndoo chini yake, akashika pindo, akalisokota. Maji yakaingia ndooni.

"Mama mdogo," askari akasema, "hayo ni maji."

"Hilo ni shuka la mkubwa wako. Naanika. Kamba imejaa."

"Huanza kwa kukamua."

"Mgongo unauma, mwanangu."

Askari akaisoma amri ile tangu juu hadi chini. Mashuka hayakukatazwa popote. Alikuwa bado anaisoma muuza mkaa alipomwambia kwamba shuka kubwa halikamuliwi na mtu mmoja, ashike huko. Akaiweka bunduki chini, akashika.

Uzio upo hadi leo. Chemchemi ya zamani nayo ina walinzi wake, wanalinda shimo. Kibao kimehamishiwa langoni kwa Mama Povu, na sasa kinasema mlima uliletwa hapo na Mkuu wa Mji mwenyewe, kwa huruma yake. Usiku yeye hulala juu ya mashuka meupe, asijue yamenywesha wangapi. Mama Povu huanika suruali za askari juu ya kibao hicho, kwa kuwa ndipo jua linapopiga vizuri.

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kushika pindo, askari hutimiza wajibu wake. Huuliza mlima kwa sauti ya kazi unaondoka lini.

"Naondoka," mlima humjibu. "Nimeketi nipumzike kidogo tu."

Na Mama Povu huchovya shuka jingine.