Harufu Isiyo Yake

Binti wa dobi alikaa na mimi dawati moja kwa miaka miwili, na mimi ndiye niliyemwondoa shuleni.

Ilianzia maabara. Mwalimu wa kemia alitugawia unga wa chuma na unga wa salfa. Chuma kilikuwa cha kijivu, kinafuata sumaku, ukikitia majini kinazama. Salfa ya manjano haikuijali sumaku, na ilielea. Tukavichanganya, tukavichoma kwenye neli ya kioo mpaka vikawaka vyekundu. Likabaki donge jeusi.

"Sumaku italivuta?" mwalimu aliuliza.

Nikawahi kujibu. "Italivuta. Chuma si kimo ndani?"

"Kimo, lakini kimeshaungana na salfa," alisema binti wa dobi kwa upole. "Hicho ni kitu kingine sasa."

Mwalimu akasogeza sumaku. Donge halikutikisika. Darasa zima likanicheka. Kisha akalidondoshea asidi, ikatoka harufu ya yai viza, tukakimbilia madirishani.

Wakati wa kusafisha meza nilifunga vipande vya donge kwenye karatasi, na asidi kidogo nikaitia kwenye kichupa cha dawa ya macho.

Kesho yake, mwalimu huyo huyo akitufundisha hesabu, niliweka kipande kwenye kifuniko cha chupa, chini ya dawati, upande wa binti wa dobi, nikakitia matone mawili. Waliokaa nyuma wakaziba pua. Mimi nikajivuta pembeni kidogo, nikimwacha peke yake. Ilitosha.

Siku ya tatu ya mchezo huo alisimama. "Mwalimu, hii ni gesi ile ya maabara. Kuna mtu anaiweka."

"Kumbe siku hizi anayenuka anaisingizia kemia," mwalimu alisema, na watu wakavunjika mbavu. "Nenda nyumbani ukaoge."

Asubuhi iliyofuata mama yake alikuja, vidole vimesinyaa kwa maji na sabuni, ameshika shati la sare ambalo bado lilikuwa na joto la pasi.

"Nusa, mwalimu. Nimelifua mwenyewe."

Mwalimu hakulipokea. "Mama, wewe unashinda na nguo chafu za watu. Pua yako imeshazoea."

Mama yule aligeuka. Halafu akaniona mlangoni. "Mwanangu, wewe ndiye unayekaa naye. Niambie ukweli. Ananuka?"

Binti yake alikuwa nyuma yake, ananitazama. Nilijua ameshanijua.

"Ndiyo, mama."

"Asante kwa kutonificha," alisema. Akalikunja shati taratibu, akamshika mwanawe mkono, wakaenda zao.

Binti hakurudi tena shuleni. Jirani yao alituambia kwamba mama alimsugua asubuhi na jioni kwa jiwe na sabuni ya kufulia, mpaka ngozi ya shingo ikachubuka. Kila akisema hanuki, alizabwa kofi kwa kusema uongo.

Mwaka uliofuata shangazi alinituma kwao na mashuka ya kufuliwa. Nilimkuta binti uani anaanika nguo. Nikamsalimu. Kabla ya kuitika aliinamisha kidevu, akanusa kola yake, kisha akarudi nyuma hatua mbili.

"Usinisogelee," alisema. "Yaweke hapo chini."

Nikayaweka, nikaondoka.