Mtoa Habari wa Kumi na Nne

Jarida letu halishughuliki na wafalme. Hilo ndilo jambo la kwanza tulilokubaliana miaka thelathini iliyopita, watu watano na birika moja la chai, katika chumba cha chuo chenye madirisha mawili ambayo moja kati yake lilikuwa halifunguki. Wafalme wana majarida yao. Letu ni la historia ya maisha ya kila siku: nani aliteka maji, nani alilala upande wa ukutani, watoto waliogeshwa saa ngapi na kwa sabuni gani. Wenzetu wa historia ya siasa walitucheka wakatuita wanahistoria wa masufuria. Tukawaacha wacheke, sisi tukamwaga wino.

Kati ya wale watano nimebaki mimi. Watatu wamekufa, na mmoja amehamia kwa mwanawe, hajui tena hata jina lake mwenyewe. Mhariri mkuu wa sasa ni mwanafunzi wangu wa zamani, mwanamke mwenye akili kali na subira fupi. Mimi nimestaafu, na kazi iliyonibakia ni uhakiki. Mtu akileta makala, jina lake linafutwa, kisha makala inatumwa kwa wahakiki wawili waseme ikubaliwe, irekebishwe au itupwe. Mwandishi hamjui mhakiki na mhakiki hamjui mwandishi. Mimi siku zote huwa Mhakiki wa Pili, yule ambaye waandishi humlaani. Sioni vibaya. Siku hizi hakuna mwingine anayeniwaza kwa moyo wote namna hiyo.

Naishi peke yangu katika nyumba ya vyumba vinne. Mke wangu alifariki miaka sita iliyopita. Binti yetu, mtoto wetu pekee, ni mfamasia katika mji mwingine, na hunipigia simu kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Nimefika mahali ambapo nikisikia mlango wa jirani unagongwa, nasimama. Halafu nakaa tena, najifanya nilisimama kunyoosha mgongo, ingawa hakuna wa kumdanganya.

Makala yenyewe ilinijia asubuhi ya Jumanne. Ilihusu mlo wa jioni katika nyumba za wasomi: watafiti walikuwa wamewahoji watu wazima thelathini na wawili ambao baba zao walikuwa walimu wa vyuo, wakawauliza nani alikula wapi, na nani, saa ngapi. Majina ya waliohojiwa yalifichwa, kila mmoja akapewa namba. Sikushangaa kutumiwa mimi. Habari za milo ni shamba langu. Makala yangu inayotajwa kuliko zote inaeleza jinsi familia inavyokula pamoja, na jinsi mtoto anavyojifunzia mezani kuongea, kusubiri zamu na kusikilizwa. Hata hawa walinitaja, tanbihi ya kwanza kabisa, wakaiita kazi ya msingi. Nilivimba kichwa kidogo, nikaenda kuongeza maji ya chai.

Ukurasa wa kumi na moja ulikuwa na maneno ya mtoa habari wa kumi na nne, mwanamke, mfamasia, miaka arobaini na mbili.

"Baba alikuwa akila chumbani mwake. Mama alipakua, mimi nikabeba sinia. Lilikuwa la bati, la kijani, ukingoni limebanduka rangi. Nalitua chini mbele ya mlango, nagonga mara mbili, naondoka. Hakuwa akifungua mpaka asikie nimefika jikoni. Chini ya mlango aliweka taulo, asisikie kelele zetu. Mlango wenyewe aliufunga kwa ufunguo. Siku moja, nina miaka saba, niliandika kikaratasi nikakiweka chini ya sahani. Sinia lilirudi, sahani tupu, kikaratasi kipo palepale kimelowa mchuzi, hakijakunjuliwa. Mama akasema labda hakukiona."

Nilisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilisoma kama mhakiki, nikasema huu ni ushahidi mzuri, wenye vitu vya kushikika. Mara ya pili nikalitambua sinia. Mara ya tatu nikakasirika.

Nilikasirika kwa sababu ya ufunguo. Mlango ule haukuwa na ufunguo. Kitasa kiling'olewa na wapangaji waliotutangulia, tundu lake nililiziba kwa gazeti kwa mkono wangu mwenyewe, na katika miaka yote tuliyokaa nyumba ile yeyote angeweza kuusukuma kwa kidole. Binti yangu alikuwa anatia chumvi, tena ndani ya jarida langu.

Zipo kanuni. Mhakiki mwenye undugu na mtu yeyote aliyetajwa katika makala ajitoe mara moja, bila kueleza maoni yake. Ni kifungu cha nne, nilikiandika mimi. Nilikikumbuka vizuri sana, nikajitia hamnazo. Nikaandika hoja sita. Tano zilikuwa za kawaida, za majedwali na tarehe. Ya sita ilisema hivi: "Ushahidi wa mtoa habari wa 14 utazamwe kwa tahadhari. Mlango anaoueleza haukuwa na kitasa. Kilikuwa kimeng'olewa kabla familia haijahamia, na tundu lake lilizibwa kwa gazeti."

Mtu yeyote mwenye akili timamu angeuliza mhakiki amejuaje. Mhariri hakuuliza. Alikuwa anafunga toleo, na maoni yangu huyapokea macho yamefumbwa. Nami nilipoyatuma nilijisikia nimeshinda kesi. Nililala usingizi mnono mchana ule, jambo ambalo hunitokea kwa nadra.

Jumapili ya kwanza ya mwezi, binti yangu alipiga simu kama kawaida.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Dawa za presha unameza?"

"Nameza."

"Usizimeze na chai. Na umekula?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Bado, nitakula. Haya baba, nina wateja."

Dakika moja na nusu. Ulimi ulikuwa umeshaanza kuniwasha. Nilitaka kumwambia nimesoma, ninajua, tuzungumze. Lakini mtu akishakuwa na wateja utamwambia nini? Nikasema haya mama, kazi njema.

Jumapili ya kwanza ya mwezi uliofuata simu haikulia. Nilikaa nayo mapajani tangu asubuhi mpaka jua lilipohamia dirisha la jikoni. Nilijiambia labda mtandao umesumbua. Nikampigia mhudumu wa duka la chini kuhakikisha simu yangu inatoka, ikatoka, akaniuliza nataka nini, nikaagiza kiberiti ambacho sikukihitaji.

Jumatano yake makala ilirudi, ikiwa imerekebishwa, pamoja na barua ya waandishi ya kujibu hoja za wahakiki. Barua hizi zina adabu yake: kila hoja inashukuriwa kwanza, hata kama mwandishi angependa kukukaba koo. Nikaruka moja kwa moja hadi ya sita.

"Tunamshukuru Mhakiki wa Pili kwa hoja hii. Tulirudi kwa mtoa habari wa 14 tukamsomea. Aliuliza ni nani aliyesema hivyo. Tulimweleza kwamba wahakiki hawajulikani, hata sisi hatuwajui. Akasema ni kweli, kitasa hakikuwepo, yeye aliambiwa mlango umefungwa akaamini. Akaongeza kwamba ikiwa aliyesoma maneno yake yote ameona mlango tu, hana haja ya kuendelea. Ameomba ushahidi wake uondolewe. Tumeuondoa. Idadi ya waliohojiwa sasa ni thelathini na mmoja."

Nilifungua ukurasa wa kumi na moja. Palikuwa na jedwali.

Nimekula chumvi nyingi, nimezika wazazi na mke, lakini sikumbuki kuwahi kuona aibu ya namna ile nikiwa peke yangu chumbani. Binti yangu alikuwa amezungumza juu yangu kwa mara ya kwanza maishani mwake, na mimi nikampa alama za kitasa. Nilimpigia mhariri.

"Mwalimu, habari za siku?"

"Si nzuri. Ile hoja yangu ya sita."

"Ya mlango? Nimeiona leo kwenye majibu yao. Hivi ulijuaje?"

"Mlango ulikuwa wangu."

Nilisikia mtu akipanga vikombe huko aliko.

"Na mtoa habari?"

"Ni binti yangu."

"Kifungu cha nne, Mwalimu."

"Nakijua. Nilikiandika."

"Basi mbona hukukifuata? Umeniweka pabaya."

"Nilitaka kumwambia neno."

"Simu zipo."

"Kwenye simu tunaongea dawa."

Alishusha pumzi. Aliposema tena, ukali ulikuwa umempungua, na hilo liliniumiza zaidi. "Andika ukurasa mmoja, usizidi. Nitawaeleza waandishi kwamba umejitoa na kwa nini. Mtoa habari akikubali kusomewa, atasomewa. Akikataa, yameisha."

"Ahsante, mama."

"Na Mwalimu, usiandike insha."

Niliandika insha. Kurasa nne. Niliandika habari za mshahara mdogo, za kupandishwa cheo kulikonipita mara mbili, za nyumba yenye kelele, za mke wangu aliyewaambia watu mlango umefungwa ili nipate utulivu nisiouomba. Hilo la mwisho lilikuwa uongo, niliuomba. Nilipomaliza nikaona nimejitetea vizuri sana, na kwamba hakuna hata mstari mmoja ambao mtoto wa miaka saba angeuhitaji. Nikafuta zote nne. Kilichobaki kilikuwa hiki:

"Mtoa habari wa 14 hakukosea. Mlango ambao mtoto ameambiwa asiuguse umefungwa, uwe na kitasa au usiwe nacho. Kikaratasi nilikiona. Nilikuwa katikati ya aya, nikasema nitakisoma nikiimaliza. Kisha nikala, nikatoa sinia. Naomba ushahidi wake urudishwe wote, bila kupunguzwa neno. Kama anakumbuka alichoandika, ningependa kujua."

Kwa miaka mingi nilikuwa nimeshajiaminisha kwamba sikukiona. Mke wangu alinitafutia kisingizio hicho na mimi nikakivaa mpaka kikanikaa. Lakini nilipoandika neno "nilikiona", nilikiona tena: kona yake nyeupe imechungulia chini ya sahani. Hata aya yenyewe niliikumbuka. Ilikuwa ile ya jinsi mtoto anavyojifunza mezani kusikilizwa.

Wiki tano zilipita. Jumapili ya kwanza ikawa ndani yake, kimya. Nilimeza dawa kwa maji, asubuhi, kama nilivyoagizwa, nikaona hakuna wa kumwambia kwamba nimetii.

Jibu lilikuja Ijumaa, fupi. "Tunamshukuru mhakiki. Mtoa habari wa 14 amesomewa maelezo haya, akaomba asomewe mara ya pili. Amekubali ushahidi wake urudi kama ulivyokuwa, na umerudi, ukurasa wa kumi na moja. Kuhusu kilichoandikwa katika kikaratasi, amesema hakumbuki."

Alikumbuka rangi ya sinia na mahali lilipobanduka. Alikumbuka taulo, na idadi ya kugonga. Nilikaa na neno lile hadi chai ikapoa. Labda kweli amesahau. Labda anakumbuka, na hicho ndicho kitu kimoja ambacho hataki kipitie kwanza kwangu mimi mhakiki. Nimefundisha watu miaka thelathini jinsi ya kupima ushahidi, na huu sikuweza kuupima. Alisikiliza mara mbili. Hilo limeandikwa.

Mfumo wa jarida unajiendesha wenyewe na haujui habari za mtu kujitoa. Uliniletea fomu ya mwisho kama unavyomletea mhakiki yeyote. Makala ilikuwa imekubaliwa, hapakuwa na kosa lililosalia wala hoja ya kujibiwa. Chini kabisa kulikuwa na swali: Je, ungependa kuletewa tena makala hii iwapo kutakuwa na jambo la kuongeza?

Nikaweka alama kwenye ndiyo.