Ukanda wa Kofia ya Qais

Sikatai kuwa nina ulimi. Nimezaliwa nao Mkunazini, nimeolewa nao, na marehemu mume wangu aliishi nao miaka thelathini na mbili bila ya kulalamika. Au labda alilalamika, lakini nilikuwa nikisema mimi, sikumsikia. Kwa hiyo siku nilipomtukana Wanu mbele ya watu, penye vitumbua vya Bi Duni, nilitegemea anitukane na yeye. Ukimrushia mtu neno akakurudishia, angalau mnajuana mko wapi.

Wanu anakaa chini, mimi nakaa juu. Nilikuwa nimeezeka bati darini kwangu, na mvua ikinyesha maji yakiteremka kwenye ukuta wake. Alipanda mara mbili kuniambia, kwa adabu. Wiki moja baadaye wakaja maofisa wawili wa manispaa na karatasi, wakaniamrisha bati niliondoe. Sikuhitaji kuambiwa nani kanisema. Asubuhi yake nilimwita kizabizabina, nikaongeza kwamba watu wa kuja ndivyo walivyo, unawakaribisha nao wanakuchimba. Wazee wake walitoka bara kabla mimi sijazaliwa. Neno lile lilikuwa chafu, na nilijua ni chafu hata lilipokuwa linanitoka.

Wanu alikiweka chini kibakuli chake.

"Bi Muzna, nimekusikia," akasema. "Si mie niliyekwenda kukusema. Na hilo la watu wa kuja limeniuma. Ukipoa, nnakuja tuzungumze."

Akachukua vitumbua vyake, akenda zake. Bi Duni ndiye aliyenieleza kwamba Wanu alikuwa katoka kwenye mafunzo ya siku tatu Kikwajuni, ambako wanawake wanafundishwa kumaliza ugomvi bila ya kugombana. Useme kilichokuuma, usitukane, usilipize, wala usimkimbie mwenzio. Nikamwambia huo ni ujanja tu umepewa jina zuri.

Kesho yake tukakutana ngazini. "Shikamoo, Bi Muzna." Sikuitikia. Keshokutwa akaniamkia tena, kwa sauti ile ile, kama mtu asiye na kitu moyoni. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, kwa sababu Wanu alikuwa na kitu changu mkononi.

Mwanangu Qais alikuwa anaoa, zimebaki wiki mbili. Hakutaka kanzu ya ghali wala gari la kukodi. Alitaka kofia ya viua iliyoshonwa na sisi wawili, kwa kuwa alikulia juu na chini ya nyumba ile, akila kwangu na kulala kwa Wanu. Kofia hiyo ina vipande viwili, duara la juu na ukanda unaozunguka kichwa. Duara nilishona mimi. Ukanda una viua, vile vitobo vidogo vya kuzungushiwa uzi, ambavyo macho yangu hayaviwezi tena, kwa hiyo ulikuwa kwa Wanu tangu miezi miwili nyuma, kabla ya hayo matusi.

Nikampigia simu dada yangu Sheikha, aliyeolewa Bwejuu.

"Umemtukana mbele ya watu, na hajakurudishia?" akauliza.

"Hajanirudishia."

"Na ukanda bado uko kwake?"

"Uko kwake."

Sheikha akashusha sauti. "Basi keshakurudishia. Wewe tu ndo hujaona."

Toka siku ile nikawa namchunga Wanu. Nikisikia harufu ya udi kutoka chini, najiuliza leo kuna nini. Akifunga mlango mchana, nasimama ngazini kusikiliza. Siku moja nilimsikia ananong'ona peke yake huku anashona, nikarudi juu nikafunga mlango. Huenda alikuwa anahesabu vitobo. Mimi nilisikia jina la Qais.

Siku ya Jumatatu, baada ya alasiri, aliuleta mwenyewe, umekunjwa ndani ya kitambaa safi. "Upande wangu umekwisha, Bi Muzna. Mungu amjaalie."

Nilipokea, nikafunga mlango, nikaupitisha ukanda kati ya vidole pole pole. Ulikuwa mzuri, Mungu ananiona. Karibu na maungio nikagusa kitu kigumu, kidogo kama punje ya mchele, katikati ya tabaka mbili za kitambaa. Nikachukua wembe.

Lilikuwa fundo la uzi.

Mwenye akili angeacha hapo. Mimi nikajiambia hakuna anayeficha kitu mahali pa kwanza unapogusa, nikaendelea kufumua. Nilifumua viua vya miezi miwili, kimoja baada ya kimoja, na kila nilipokosa kitu ndivyo nilivyozidi kuamini kuwa kiko mbele. Adhana ya magharibi ikanikuta na nusu ya ukanda mapajani, na sakafu imejaa uzi mweupe.

Nilifikiri kusema panya. Nilifikiri kusema umepotea kwa dobi. Lakini Wanu angenitazama kwa yale macho yake ya upole, na mimi singeweza kuyastahamili. Nikashuka nao kwa Wanu.

Aliushika ukanda kwa mikono miwili, akapitisha kidole pale nilipofumua.

"Ulikuwa unatafuta nini?"

"Nilidhani umetia kitu. Cha kumharibia Qais ndoa yake."

Machozi yakamlengalenga. Akakaa. "Nimemlea mtoto yule," akasema. "Nimekasirika, Bi Muzna. Nnataka kukutoa nyumbani kwangu. Sikutoi, lakini ngoja nipumue."

Nikangoja. Sijawahi kungoja kitu kigumu namna ile.

"Kofia haiwahi tena, tusidanganyane," akasema mwisho. "Ila mie ulinitukana kwa Bi Duni, na tangu siku ile nikipita watu wananitazama. Ukitaka tukae kama zamani, kaseme pale pale ulichofanya."

"Unataka kuniaibisha."

"Nnataka maneno yako yanitoke mgongoni. N'takuwepo. Sitokuacha peke yako."

Nilimtazama nikitafuta mtego. Nimezoea kutafuta. Nikapanda juu, nikamweleza Qais. Mtoto hakunigombeza. Aliziokota nyuzi sakafuni, akasema atanunua kofia sokoni Darajani, zipo nyingi. Laiti angenifokea.

Asubuhi nilikuta wanawake saba kwa Bi Duni. Wanu alikuwepo, na alisogea akasimama ubavuni pangu, bega kwa bega. Nikasema. Nikasema kuwa sikuwa na ushahidi wowote juu ya habari ya maofisa. Nikasema la watu wa kuja halikupasa kunitoka mdomoni. Nikasema nimeikata kwa wembe kazi yake ya miezi miwili, kwa kuwa hakunirudishia nilipomtukana, na mimi sikuweza kuamini kwamba mtu anasamehe bure. Mmoja akacheka, akaona hakuna anayecheka naye, akaacha.

Bi Duni alikuwa kashika kijiko, kitumbua kinaungua. "Na ndani ulikuta nini?" akauliza.

Mpaka wakati ule bado ulimi ulikuwa unanitafutia njia. Ningeweza kusema sikufika mwisho. Ningeweza kusema Mungu ndiye ajuaye.

"Uzi," nikasema. "Nilikuta uzi wa Wanu, na hakuna kingine."