Tarehe Niliyoiandika Mimi

Mama yangu alinibandika jina la Kiguu na Njia tangu nilipoanza kutambaa, na hakunisingizia. Nimeacha kazi tatu na mchumba mmoja, bila yeyote kunikosea. Meli ya hospitali ilinifaa kwa sababu ni hospitali inayohama. Nilijitolea kwa miezi mitatu, na sasa huu ni mwaka wa pili. Tunalala wanawake sita katika chumba kimoja cha chini, vitanda vya ghorofa, ukigeuka vibaya kiwiko kinamfikia jirani. Mpishi, anayelala chini yangu, hulalamikia mngurumo wa injini kila tukiwa safarini. Mimi mngurumo ndio unaonibembeleza. Tukitia nanga na injini ikanyamaza, ndipo roho yangu inapoanza kupanda na kushuka.

Kazi yangu ni plasta. Daktari akishanyoosha miguu ya mtoto mwenye matege, mimi naifunga kuanzia pajani hadi karibu na vidole, namwandikia mama yake kadi yenye tarehe ya kufunguliwa, na siku hiyo ikifika naikata mwenyewe. Wiki sita. Mkono wangu unaijua hesabu hiyo hata nikiwa nasinzia.

Jumatatu moja Sista Mkuu aliingia chumba cha plasta na orodha mkononi. Ni mwanamke mwembamba asiyepandisha sauti, na akikunyamazia utatamani bora angekutukana.

"Yule mtoto wa matege aliyekuwa kitanda cha nane ulimpa tarehe gani?"

"Kumi na tano."

"Meli inaondoka lini?"

"Mwisho wa mwezi."

"Inaondoka Alhamisi hii, tarehe kumi na moja. Inapelekwa matengenezo. Nahodha alitangaza wiki tatu zilizopita kwenye kikao cha asubuhi, na kadi zote zikabadilishwa siku ileile. Wewe ulikuwa wapi?"

Nilikuwa juu sitahani, nikizunguka. Vikao mimi huvihudhuria kwa dakika tano, kisha miguu inaniwasha. Wenzangu wa wodini walibadilisha kadi za wagonjwa wote waliokuwepo. Mtoto huyo nilikuwa nimemruhusu mimi asubuhi hiyohiyo ya kikao, na kadi yake ikaenda nyumbani na tarehe ya zamani.

"Nilikuwa napunga hewa," nilisema.

"Basi hewa hiyo imekuzalia kazi."

Namba ya simu aliyoacha mama yake ilikuwa ya jirani, na haikupatikana. Niliona yote yatakavyokuwa: mama amembeba binti wa miaka sita mwenye miguu mizito kama magogo, anafika gatini tarehe kumi na tano, anakuta maji matupu. Bandari iliyopita baba mmoja alichoka kusubiri akakata plasta ya mwanawe kwa kisu cha jikoni. Kidonda kile nilikisafisha mimi. Nilimwuliza daktari kama mifupa ya mtoto itakuwa imeunga, akasema imeshaunga, plasta inaweza kutoka. Kwa hiyo ilibaki kumfikia.

"Nenda," Sista Mkuu alisema. "Lakini Alhamisi saa sita tunang'oa nanga, uwepo usiwepo."

Nilichukua mkasi mkubwa wa plasta, ule wa mkono, kwani msumeno unataka umeme. Nikapewa gari pamoja na dereva tunayemwita Mzee Taratibu. Kijijini ni mwendo wa siku nzima kwa gari. Kwa Mzee Taratibu ni siku nzima na ushee.

"Kanyaga mafuta, Mzee!"

"Haraka haraka haina baraka, mwanangu."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo!"

"Yaumie tu. Mimi nabeba roho mbili humu ndani."

Tulifika Jumanne jioni. Nyumba ilikuwa na bibi peke yake, anachambua mchele. Nilimsalimia shikamoo nikiwa bado natembea, akaitikia marahaba bila kuinua macho, akaniambia nikae kwanza. Sikukaa.

"Bibi, mjukuu wako yuko wapi?"

"Si ameenda kwenu? Wameondoka na mama yake tangu Jumapili. Alisema mtoto mzito, njia ndefu, na magari ni ya kudandia, bora wawahi. Hakutaka kuwachelewesha."

Nilikaa basi. Tulikuwa tumepishana nao njiani, sisi tunawafuata na wao wanatufuata.

Kijijini hakukuwa na mtandao. Jumatano asubuhi, tulipofika kilimani, simu ilishika nikampigia mlinzi wa geti la meli.

"Mama mwenye mtoto wa plasta miguu yote miwili? Alikuja jana. Nikamsomea kadi, inasema kumi na tano. Nikamwambia arudi siku hiyo."

"Hukumwambia tunaondoka Alhamisi?"

"Kadi ina mwandiko wako, sista. Nilidhani unajua unachofanya."

Nilikata simu. Niliona aibu hadi masikio yakapata moto.

Gurudumu lilipasuka mara mbili, na Mzee Taratibu alilibadilisha kwa utaratibu wake. Tuliingia mjini Alhamisi saa mbili asubuhi. Nilimtafuta mama yule stendi, nikamtafuta zahanati, nikapita nyumba za ibada zote, nikiuliza kila mtu, mithili ya mama aliyepotelewa na mwanawe. Saa nne na nusu mpagazi mmoja aliniambia kuna mwanamke analala kwenye baraza la ghala la chumvi, nyuma ya bandari.

Walikuwepo. Mtoto ameegemezwa kwenye magunia, miguu imenyooshwa mbele yake, mama anampepea kwa kadi yangu. Aliponiona alisimama haraka.

"Samahani, sista. Najua siku yetu bado. Nyumbani ni mbali, nikaona tungojee hapahapa. Hatujamsumbua mtu."

Angenizaba kofi ningeshukuru. "Usiniombe samahani," nilisema. "Nimekosea mimi. Tarehe niliyoiandika si sahihi tena, na meli inaondoka leo."

Alinitazama, akaitazama kadi, akaketi polepole. Nilimpigia Sista Mkuu. Wodi zilishafungwa, vitanda vimefungwa kamba, na mgonjwa haruhusiwi tena kupanda. "Njoo wewe," alisema. "Ngazi inapandishwa saa tano na nusu."

Nilipiga magoti barazani nikaanza na mguu wa kulia. Mkasi wa mkono ni kazi ya punda: unakata upana wa kidole, unapanua, unakata tena, na ukiharakisha unamla mtoto ngozi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikwenda taratibu. Jasho lilinitiririka machoni. Plasta ilipoachia, mguu ulitoka mwembamba, una magamba, umenyooka.

"Huu wangu?" mtoto aliuliza.

"Wako."

Mama alifunika uso kwa kanga akalia. Ndipo honi ya meli ilipolia.

"Sista, si meli yenu hiyo?" alisema, akijifuta. "Kimbia, utaachwa! Mguu mmoja umetoka, huo mwingine tutajua wenyewe."

Nguo zangu zilikuwa mle ndani, vitambulisho vyangu, kitanda changu, na kila bandari ambayo bado sijaiona. Sitasema uongo: nilisimama, nikapiga hatua tatu kuelekea getini.

Nyuma yangu mtoto aligonga plasta ya mguu wa kushoto kwa kidole. "Na huu?" aliuliza.

Nikarudi, nikapiga magoti, nikauingiza mkasi kwenye plasta pale pajani. Honi ililia tena mara mbili, nami nilikuwa bado sijafika gotini.